Mwerebi wa Mama Yako Hauondoki Ikoni

Baba Rukia,

Barua yako imefika. Ameileta yule mama muuza vitambaa anayezunguka kwa njia ya kisiwa cha Mwali, akiwa ameikunja ndani ya leso hata ikashika harufu ya nguo mpya. Niliisoma mara moja nikiwa nimesimama, na mara ya pili nikiwa nimekaa. Ni ukurasa mmoja tu, tena wa mtu ambaye hawezi kueleza namna ya kuchanganya saruji bila birika zima la chai kwisha. Umeniambia mambo mawili. La kwanza, umeniacha talaka moja ili niwe huru, maana hujui bahari itafunguliwa lini. La pili, niung'oe ule mwerebi ulioko kando ya birika la maji, usije ukaniletea maneno. Kisha ukanitakia afya njema.

Afya ninayo. Hilo la mti nimeshalimaliza kwa njia yangu, na nitakueleza. Hilo la talaka nalikataa, ingawa najua kukataa kwangu peke yake hakutoshi. Kadhi amehesabu eda yangu kuanzia tarehe uliyoiandika juu ya barua, si siku iliponifikia, na barua ilitembea wiki tatu. Umebaki kama mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo unaweza kunirejea kwa neno la mdomo wako tu, bila ndoa mpya, bila mahari, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwezi ukipita, mimi si mkeo tena, na mjomba tayari ana mtu wake wa kunioa anayemsubirisha barazani.

Kwa hiyo nimeandika nakala tatu. Moja inarudi na mama wa vitambaa. Ya pili inapitia kisiwa cha Maore. Ya tatu anayo baharia ambaye sitamtaja. Zote sikuzitia gundi. Siku hizi kila karatasi inayovuka kutoka kisiwa hadi kisiwa inafunguliwa, basi nimewapunguzia watu kazi. Askari wa Moroni wasome, na wale wa Mutsamudu, kisiwani kwenu, wenye bendera yao wasome pia, sina siri ya serikali hata moja. Kila atakayeisoma kabla yako ajue kwamba sikuridhika, na akikutana nawe sokoni akuulize umejibu nini.

Watakaoifungua watashangaa kukuta Kiswahili, wala si Kingazija cha kisiwa changu wala Kinzwani cha kisiwa chako. Wacha washangae. Wewe unakumbuka ilivyokuwa. Siku ya kwanza kukuona ulikuwa ndani ya birika letu la kuwekea maji ya mvua, kichwa tu ndicho kinachoonekana, unalipiga lipu upya kwa sababu mama alichoka kunywa maji yenye mchanga. Nilikuletea chai, ukanishukuru kwa Kinzwani, nami nikacheka. Nikakujibu kwa lugha yetu, ukacheka wewe. Ukajaribu Kiswahili ulichokiokota kwa waashi wa Mombasa, nikakujibu kwa Kiswahili nilichozaliwa nacho Unguja kabla wazazi wangu hawajarudi huku. Tangu siku hiyo hatukugombana wala kupatana kwa lugha nyingine. Rukia alikua akidhani Kiswahili ni lugha ya watu waliooana.

Mama alipogundua kwamba fundi wake ni Mnzwani, alikutania mchana kutwa. Alitaka kujua mtu aliyekulia kando ya mto anajua nini kuhusu kutunza maji ya mvua. Sisi wa Ngazija hatuna mto, alikwambia, mlima wetu unayanywa maji yote kabla hatujaweka ndoo. Wewe ukamjibu kwamba mtu wa mtoni ameshaona maji mengi yakipotea, ndiyo maana anayaheshimu. Mama alilipenda jibu lile. Mimi nilikipenda kile kichwa chenye saruji kwenye nyusi.

Tukaoana ile ndoa ya ndani, na watu wachache. Mjomba alikuja, akala, akaondoka akiwa amekunja uso. Alikuwa ananitunzia ndoa kubwa, ya ngoma na ya siku nyingi, na mwanamume wa Ngazija mwenye ukoo unaojulikana, ili naye mjomba apande daraja miongoni mwa wakubwa wa mji. Wewe ulimharibia. Hajalisahau hilo hata siku moja, na ukitaka kuelewa yote yaliyofuata anzia hapo, usianzie kwenye siasa.

Halafu ukanipeleka Mutsamudu kwa mama yako. Nakumbuka vichochoro vyenu vyembamba, na wewe ukisalimia kila mlango. Nakumbuka tulivyopandisha kuufuata mto mpaka kwenye shamba lake dogo, nikasimama. Nilikuwa sijawahi kuishi mahali ambapo maji yanapita yenyewe, mchana na usiku, bila mtu kuyachota wala kuyafungia. Wanawake walikuwa wanafua na kuyaachia yaende zao. Uliniuliza nimeona nini, nami nilikuwa naona hasara tupu.

Mama yako alikuwa ukingoni, amekata vijiti anavifunga mafungu. Kichaka chenyewe hakikuwa kirefu, kilinifika begani. Majani membamba, chini yake meupe kidogo, na fimbo nyingi zilizonyooka zikitoka kwenye kisiki kimoja. Nilimuuliza ni mti gani. Akasema kwenye vitabu unaitwa mwerebi, yeye anauita mti wa mtoni. Akanionyesha jinsi ulivyoushika ukingo. Jirani yake hakupanda, na kila masika mto unamla hatua moja ya shamba. Kwake mizizi imeshonana chini hata udongo haupati pa kwendea.

Kisha akanihadithia ulikotoka. Aliupata kwenye kisiwa kikubwa cha Bukini, miaka mliyokuwa mnakaa mji wa Majunga. Siku Wakomori walipogeukiwa kule na kuuawa, na waliosalia wakarudishwa, watu walibeba dhahabu na vyeti. Yeye alibeba nguo za watoto, na fungu la vijiti hivi alivyovifunga kwenye kitambaa kibichi. Wewe ulikuwa kijana, ulimwonea haya, ulidhani mama yako amerukwa na akili. Alilisema hilo mbele yako na wewe ukatazama majini.

Siku tatu zile alinifundisha kuliko nilivyofundishwa shuleni. Kila mwaka mvua zikikatika, ukate uufikishe magotini, usiuonee huruma, maana usipokatwa unazeeka vibaya na fimbo zake zinakuwa ngumu. Fimbo za mwaka mmoja ni za kusuka tenga na ua wa kuzuia kuku. Za miaka miwili ni za kupandishia maharage. Majani wape mbuzi. Gome ukilichemsha, ni chungu kama nini, ila maumivu ya kichwa yanapungua. Na ukitaka kupanda, usihangaike na mbegu. Kata kijiti cha urefu wa mkono, kichomeke kwenye udongo wenye maji, chomeka vitatu shimo moja kwa sababu hujui kipi kitashika.

Jambo la mwisho alilionyesha kama mtu anayetoa siri ya jikoni. Alikatakata vijiti vichanga, akaviloweka kwenye sufuria siku mbili, na yale maji akayatilia vipandikizi vya asumini na vya waridi. Vilivyolowekwa maji matupu, alisema, vingi huoza. Vilivyolowekwa maji ya mwerebi hutoa mizizi. Nikamwambia huku kwetu hakuna mto, je utakubali. Akanijibu neno ambalo nimeishi nalo miaka yote hii.

"Huu haukuulizi ukoo," alisema. "Unaomba maji tu."

Tuliporudi Moroni tulikuwa na fungu letu kwenye kitambaa kibichi, kama lile la Majunga. Kwenye boti jua lilikuwa kali na kitambaa kikaanza kukauka. Nilitaka kukichovya kwenye maji ya bahari, ukanishika mkono. Ukatoa chupa yako ya maji ya kunywa, ukaimimina yote juu ya vijiti, halafu ukakaa na kiu mpaka tulipoona nyumba za Ikoni, mji wetu. Nilikwambia wewe ni mpumbavu. Ulikuwa mpumbavu kweli, na ndipo nilipojua nimeolewa na nani.

Sasa tuje kwenye kosa lako, maana lipo, na sikukusudia kulipita. Mama alikuonyesha mahali pa kupanda. Alisema panda kule chini, ukutani, yanapotokea maji ya bafuni, pale ndipo penye unyevu na hapana cha kuharibika. Wewe ukaona aibu kuupanda mti wa mama yako kwenye maji ya kuogea. Ukauweka kando ya birika, panapomwagikia maji ya ziada birika likijaa, kwenye udongo mlaini. Ulikuwa fundi wa mabirika, Baba Rukia, umejenga na kuziba mangapi sijui. Lakini ulikuwa mtu wa mtoni. Kwenu mizizi haina haja ya kutafuta, maji yanaifuata. Hukuwahi kuona mzizi wenye kiu. Mimi niliyezaliwa na watu wanaohesabu kata za maji nilipaswa kukuzuia, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unaimba.

Na mti huo ulituneemesha, siwezi kusema uongo. Fimbo zake zilizungushia bustani yangu yote, kuku wa jirani wakapata akili. Ulinisukia matenga mapana yenye vifuniko, nikayapangia majani mabichi ndani, maua yangu yakawa yanafika Badjanani, mjini Moroni, asubuhi kama yamechumwa pale pale mlangoni. Asumini zilizotoka kwenye maji ya mwerebi ziliujaza ua. Maharusi walikuwa wananiagizia wiki mbili kabla. Rukia alipopata homa ulikuwa unamchemshia gome na kunywa wewe kwanza, unakunja uso mpaka anacheka, ndipo naye anywe.

Halafu kisiwa chenu cha Nzwani kikajitenga na serikali ya Moroni. Mwanzoni ilikuwa habari ya redio. Watu walikuwa wanakuja kukuuliza wewe maoni yako, kana kwamba mlipiga kura nyumbani kwetu. Uliwaambia wewe ni mwashi. Kisha Moroni ikatuma wanajeshi Nzwani, wakarudi wamepigwa, wengine hawakurudi, na tangu hapo hukuulizwa tena maoni, ulikuwa unatazamwa tu. Mwenye kazi aliyekuwa akikuita kila mwezi akaacha kukuita. Wewe ulisema yatapita. Mimi nilisema yatapita. Mjomba alikuwa anapita mlangoni na kuhesabu siku.

Siku vijana walipoanza kuwasaka Wanzwani mjini nilikuwa Badjanani na tenga langu kichwani. Niliposikia, nililiweka chini na sikuliona tena. Teksi zilikuwa zimesimama, nilikwenda Ikoni kwa miguu, viatu mkononi. Nilikuta mlango wetu uko wazi. Mama alikuwa ndani na Rukia, amemfunika na shuka. Akaniambia kwamba mjomba mwenyewe ndiye aliyefungua, akawaambia vijana wasivunje, atakutoa yeye, kwa usalama wako. Nikarudi tena kwa miguu mpaka bandarini.

Nilikuona. Ulikuwa umebeba mfuko mmoja, miongoni mwa watu wengi walioketi chini kwenye mawe, wanawake na watoto wachanga, watu waliozaa na kuzikana hapa Ngazija. Mashua zilikuwa zinawapeleka kwenye meli iliyotia nanga mbali. Nilipita katikati ya waliokuwa wakizomea, na baadhi yao nilishawauzia maua ya harusi zao. Ulipogeuka ulisema jambo moja tu. Ulisema ufunguo wa stoo ya vifaa uko kwenye koti lako. Nilikasirika kwa siku nyingi kwamba hilo ndilo ulilonipa. Sasa sikasiriki, maana ungesema kitu kingine ningekufuata majini mbele yao.

Kiangazi kilichofuata maji yakaanza kupungua birikani. Nilichora alama kwa mkaa ukutani, kila asubuhi ilikuwa imebaki juu peke yake. Mama alidhani tunaibiwa. Mjomba ndiye aliyekuja na taa na kuinama, akaona nyufa mbili kwenye lipu lako, na humo mizizi imeingia, myembamba na myekundu, inaelea majini kama nywele za mtu. Alivuta mmoja ukatoka urefu wa mkono. Aliubeba mpaka kwenye uwanja wa mji, akawaonyesha wakubwa wenzake.

"Mnzwani amekwenda," aliwaambia, "mti wake umebaki unatunywea maji."

Nilitamani ungekuwepo ili nikugombeze wewe kwanza. Alikuwa na haki nusu, na hakuna kitu kibaya kuliko mtu usiyempenda akiwa na haki nusu. Maji yetu ya kunywa yalikuwa yanakwenda kweli. Asubuhi ya pili akaja na wanaume wawili, shoka na panga. Mama alichukua kiti chake akakiweka katikati ya ushoroba unaoingilia uani, akakaa. Hakupandisha sauti. Alimkumbusha kaka yake kwamba nyumba hii ilikuwa ya mama yao, sasa ni yake, kesho ni yangu, keshokutwa ya Rukia, na yeye humu ni mgeni wa kahawa. Kahawa akapewa. Shoka likarudi lilikotoka.

Ni siku chache baadaye ndipo barua yako ilipofika na yale maneno, usije ukaniletea maneno. Hayo si maneno yako. Wewe hujawahi kuogopa maneno, ulikuwa unapita uani na taulo begani wageni wakiwepo. Hayo ni ya mjomba. Nilimuuliza, hakuficha. Alikutumia salamu kwa mtu, kwamba Rukia anasumbuliwa shuleni kwa ajili yako, kwamba nimekonda, kwamba mti wako uani unaleta maneno, kwamba ukiwa mwanamume uniache. Ni kweli Rukia alisumbuliwa. Aliitwa mtoto wa waasi. Akajibu kwamba baba yake ndiye aliyeziba birika la msikiti wanalotawadhia, na kama hawamtaki basi wasitawadhe. Ana ulimi wangu, tumshukuru Mungu. Hakuhitaji talaka yangu kumtetea.

Basi nikufahamishe nilivyofanya na mti. Nilichukua ufunguo kwenye koti. Nikatoa msumeno, sululu na mwiko wako. Nilingoja maji yafike kwenye vifundo vya miguu, nikapandisha nguo, nikashuka birikani mwenyewe, majirani wakiwa wamejaa ukutani wanatazama. Nilikata kila mzizi ulioingia. Nilipanua nyufa kama ulivyokuwa ukifanya, nikachanganya saruji sehemu moja na mchanga sehemu tatu, nikazijaza, nikazipiga lipu mara mbili na kuzilowesha siku saba zisipasuke. Mkono wangu si mzuri, ukiona utacheka. Ila mvua za kwanza zimenyesha na maji hayashuki tena chini ya alama ya mkaa.

Na mti nikauhamisha. Nilichimba siku mbili, nikaukata mpaka magotini, nikatoa kisiki kizima na mizizi niliyoweza kuiokoa, nikaushusha kule chini, yanapotokea maji ya bafuni, alipopasema mama tangu mwanzo. Mjomba alidhani nimeshindwa, akanipongeza. Wiki ya tatu kisiki kikachipua pande zote.

Fimbo nilizokata sikuzitupa. Wanawake waliokuwa wakitazama ukutani walikuwa wanaziona asumini zangu miaka yote, na kila mmoja ana ukuta wenye maji ya bafuni nyuma yake, na udongo unaokwenda na mvua mpaka barabarani. Mmoja aliomba kijiti, nikampa vitatu. Kesho yake wakaja saba. Nimewaeleza wasipande karibu na birika, nimewaambia wazi kwamba mume wangu alikosea hapo. Sasa hesabu nyumba kutoka kwetu mpaka msikitini, kila ua una mwerebi unaochipua. Wanaume waliozomea bandarini wanaoga kila asubuhi na kumwagilia mti wa mama yako. Wengine wameshaambiwa na wake zao, na hakuna aliyechukua panga. Mpe mama yako salamu, mwambie mti wake umefukuzwa Majunga, umefukuzwa kwenye birika, na haujafa.

Imebaki hiyo talaka. Mjomba alinipeleka kwa kadhi mwenyewe, Moroni, akitaka kujua tarehe eda itakapokwisha ili apange shughuli yake. Alivaa joho. Kadhi aliisoma barua yako, akauliza mume yuko wapi. Mjomba akajibu kwamba amepotea huko Nzwani, hakuna anayejua lini atarudi.

"Hajapotea, Fundi," nilimwambia kadhi kwa heshima ya elimu yake. "Alifukuzwa, na mlango alifungua huyu."

Nilidhani nitafukuzwa na mimi. Kadhi alimtazama mjomba, mjomba akawa anatengeneza joho lake. Kisha akageuka kwangu, akaniita Bweni, neno la heshima kwa mwanamke, kama vile nimekuja peke yangu.

"Mumeo akisema neno kabla eda haijaisha, wewe ni mkewe," alisema. "Hilo halingoji meli."

Sasa nisikilize vizuri. Simu zimekatwa, meli zimezuiwa, na sikuambii upande mtumbwi uje kuzama. Sikuambii hata lini tutaonana, sijui, na wanaojifanya wanajua ni waongo wa pande zote mbili. Nakuambia usimame mlangoni kwa mama yako, mbele ya watu wazima wawili wanaokufahamu, useme umemrejea mkeo. Uandike siku uliyosema, na majina yao, utume kwa njia yoyote. Hata ikinifikia mwaka ujao, kadhi ataihesabu siku uliyotamka.

Na kama hunitaki, hilo ni jambo lingine, nalo ni halali yako. Niandikie kwamba hunitaki. Sema umenichoka, sema umepata mwanamke ambaye hakugombezi. Nitalia siku zangu, na baada ya hapo kuolewa au kutoolewa ni shauri langu mimi, si la mjomba. Lakini kama unaniacha kwa kunihurumia, huruma hiyo sikukuomba, na imeniuma kuliko mizomeo yote ya bandarini. Wale walitaka kututenganisha, wakaweza kuchukua mwili wako tu. Ndoa ilibaki nyumbani, hawakujua ilipo. Wewe ndiye uliyeketi ukachukua kalamu.

Usiwamalizie kazi yao.

Mkeo hadi sasa,
Mama Rukia
Ikoni